Mzinga wa Baba

Jumatatu, 2 Juni

Afisa wa mambo ya kale anakuja Jumamosi. Atachagua kitu kimoja tu cha kuandikwa kwenye kibao cha njia panda, wapita njia wajue mji wetu una nini zaidi ya mahindi. Jirani yangu Pumba, mwenye mashine ya kusaga, keshaosha jiwe la kusagia la bibi yake na kuliweka katikati ya chumba cha mashine, juu ya kitambaa cheupe. Jiwe! Baba yangu alichonga nusu ya mizinga ya mji huu, na tangu afe hakuna anayemtaja. Inaniuma. Nimeandika ofisini: tuna mzinga wa kale, umelinda shamba letu miaka arobaini, umetimua wezi mara mbili. Kweli tupu.

Jumatano, 4 Juni

Afisa kapiga simu, sauti inamtetemeka kwa furaha. Kauliza mzinga wetu ulipigwa katika vita gani, na kama ndani bado mna baruti. Nikajibu kwamba ndani mna kitu, ila sijakipima. Mama kanitaka nipige tena nieleze kuwa ni mzinga wa nyuki. Nikamwambia hakuuliza.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeupaka mzinga rangi nyeusi na kuupandisha kwenye magurudumu ya mkokoteni. Tundu nimeliziba kwa tambara. Nyuki wananung'unika humo ndani. Mama alikuja akapapasa alama za shoka mpaka vidole vikawa vyeusi. Akasema baba aliuchonga wiki niliyozaliwa, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kunipa. Miaka yote hii sikulijua hilo! Nikaenda kutafuta mafuta ya taa niifute rangi. Nikarudi na kopo la pili la rangi.

Jumamosi, 7 Juni

Aibu! Afisa aliuzunguka mzinga mara tatu, akaugonga, ukavuma. Akachomoa tambara achungulie. Sitaki kuandika mengi. Tulijifungia kwa Pumba, na afisa akakaa juu ya jiwe la bibi, ameshika sikio, akauliza hili nalo ni nini. Basi, jiwe likachaguliwa. Mama alibaki nje kando ya mzinga, nyuki wanamzunguka bila kumgusa. Jioni kundi zima likahama. Mama hakunigombeza. Alisema tu kwamba uani kumekuwa kimya mno.

Jumapili, 8 Juni

Nasugua rangi tangu asubuhi. Kwenye alama za shoka haitoki. Nimemwapia mama kwamba kuanzia leo ni ukweli mtupu, na safari hii nilikuwa na machozi. Mchana nikasikia ofisi ya mifugo inatafuta maajabu ya kupeleka kwenye maonyesho ya wakulima. Nimewaandikia ukweli mtupu: tuna mbuzi wa miaka themanini, alikuwa wa bibi yangu, bado anasimama imara na meno yote anayo. Ni wa kukunia nazi, lakini hilo hawajauliza.