Mbio za Imani, Endamarariek

Jumatano, 2 Juni 1982

Asante Mungu kwa semina ya Karatu! Mchungaji katufundisha neno la Kigiriki, agon. Ndilo Mtume Paulo alilotumia kwa vita vya imani. Asili yake ni mashindano ya uwanjani: mbio, mieleka, jasho. Jumapili mimi na jirani yangu Naftali tutahubiri mbele ya wazee wa kanisa, mmoja achaguliwe mwinjilisti wa mtaa wetu. Naftali anachechemea, na sala zake ni ndefu mpaka watoto wanasinzia, nami pamoja nao. Mpango ninao. Nitaingia kanisani mbio kutoka bondeni, bila kuhema! Kisha nimkaribishe Naftali naye ajaribu.

Alhamisi, 3 Juni

Nimemweleza mke wangu, Bernadina. Akauliza mtu mzima anakimbia nini na fisi hayupo nyuma yake. Akanikumbusha kuwa maharage hayajang'olewa. Hata hivyo kanipikia uji wa ulezi, nipate pumzi. Mke huyu ni zawadi, sijui nilimpataje.

Jumamosi, 5 Juni

Balaa! Nilitoka alfajiri kufanya mazoezi. Ukungu, fimbo mkononi, kasi ya swala. Nikasahau jambo ambalo kila mtu hapa analijua: mtu mzima hakimbii alfajiri ila ng'ombe wameibwa. Jirani yangu Hhando akaniona, akapiga yowe. Likapokewa nyumba hadi nyumba. Mara wanaume wote wako nami, mikuki juu, wananiuliza wezi wameelekea wapi. Pumzi ya kujibu sina! Nikainua mkono wasimame. Wakadhani naonyesha njia. Wakatimka kuelekea msitu wa Oldeani.

Mimi nikatumbukia mtaroni, kifundo cha mguu kikateguka. Aliyenikuta ni Naftali, wa mwisho kwa sababu ya mguu wake. Akanibeba mgongoni mpaka nyumbani.

Saa sita wale wanaume wakarudi na njaa na hasira. Wakadai faini ya kondoo kwa kuwakimbiza bure. Naftali akawasihi wanisamehe. Bernadina akawapakulia makande. Wakala, wakacheka, kondoo akapona.

Jumapili, 6 Juni

Nimepelekwa kanisani kwa machela. Kusimama sikuweza, akahubiri Naftali peke yake. Halafu Mchungaji akalieleza tena lile neno. Kumbe Paulo analitumia pia kwa mtu anayejitaabisha kuwaombea wenzake! (Siku ya semina hapo nilikuwa nimetoka kunywa chai.) Bernadina akaninong'oneza kwamba sala za Naftali ni ndefu kwa sababu ananiombea mimi, kwa jina, tangu mwaka juzi. Nililia mbele za watu. Wazee wakamchagua, nikapiga makofi kwa moyo mweupe.

Jumatatu, 7 Juni

Naftali kaja na majirani, wameng'oa maharage yetu yote. Nashukuru mno. Nashukuru kiasi kwamba siwezi kukubali anishinde! Kuanzia kesho namwombea yeye kuliko anavyoniombea. Alfajiri, kwa sauti, juu ya kichuguu kilicho mbele ya mlango wake. Na wanaume wote wa Endamarariek waje kushuhudia. Nimemtuma Bernadina kwa Hhando akaniazimie pembe ya kuwaita.