Mawe Mawili kwenye Foleni ya Sukari

Wenzangu wenye maduka, aibu ya leo imenigharimu bei ya katoni mbili za ndoano. Ndiyo, ndoano za kuvulia samaki! Hapa Pasua, chini ya mlima!

Mnajua, tangu wauzaji wa jumla wafungiwe, bidhaa zote zinatoka ghala moja la mkoa. Hakuna kupatana bei (ujuzi wangu wa miaka kumi umekufa njaa). Unaweka jiwe lenye jina la duka lako kwenye foleni, unasubiri. Kwangu sukari imekwisha wiki ya tatu sasa. Wateja wamebaki kunisalimia tu.

Asubuhi nikasikia sukari imefika. Nikakimbia, nikaweka jiwe langu. Halafu, kwa akili zangu nyingi, nikaweka na la pili, nikaliandika kwa chaki: Duka la Akina Mama, Masama. Hilo analiendesha mama mkwe wangu. Masama ni mbali, atajuaje? Nikahesabu mawe mara mbili. Yangu ni la nne na la tano. Safi!

Saa nne mlango ukafunguliwa. Zamu yangu ilipofika, karani akanisukumia katoni.

"Lipa, uchukue."

"Sukari?"

"Ndoano. Zimeletwa, lazima zitoke. Kila jiwe katoni moja."

"Ndugu karani, huku mlimani tuvue nini? Migomba?"

"Kataa basi, nifute duka lako kwenye mgao."

Jamani! Bila mgao, duka langu ni banda la kuku. Nikalipa, huku mguu ukilisogeza lile jiwe la pili polepole kuelekea mtaroni.

"Mkwe, mbona unalipiga teke duka langu?"

Nikageuka. Mama mkwe! Ameshuka na basi la kwanza, jiwe lake mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe umenishikia nafasi!"

"Nilitaka tu kukusaidia, mama..."

"Basi saidia." Akamgeukia karani. "Mwanangu, andika Masama tumechukua. Katoni abebe huyu. Na alipe huyu huyu."

Foleni nzima ikapiga makofi! Hata karani alicheka, na yule hacheki bure.

Sasa nina ndoano elfu mbili (nimehesabu mara mbili), sukari sifuri. Mwenye ndugu kule ziwani aniambie zinauzwaje. Kabla hamjacheka, nishaurini na hili: mama mkwe amesema Jumapili anakuja kula kwangu, niandae samaki. Nimjibu nini?