Robo Sabini za Ng'ombe Kuvuka Huayna Potosí

Jumatatu, 5 Februari

Siku kubwa. Doña Zenobia ametangaza shindano. Jumamosi ya tarehe kumi na saba, ukumbini kwa klabu yetu ya kurusha ndege, juu ya duka lake la misumari na rangi. Kila mwanachama atarusha ndege ya mizigo ya mwaka 1945, injini mbili za pangaboi, robo sabini za ng'ombe tumboni, kutoka San Borja kule nyandani hadi hapa El Alto, ng'ambo ya milima. Kwenye kompyuta, naam. Lakini viti ni vya kweli, usukani ni wa kweli, na pua ya ndege ni ya kweli. Marehemu mumewe aliinunua chakavu, akaipandisha ghorofani kwa kamba na wanaume kumi na wanne, akahangaika na nyaya zake miaka minne, kisha akafa. Doña Zenobia huifuta vumbi kila asubuhi. Huwa anaisalimia.

Tuzo: kiti cha kulia, kando ya rubani, ndani ya ndege ya kweli. Bibi Mnene mwenyewe! Wa mwisho wa aina yake, safari yake ya mwisho ya nyama kabla hajastaafishwa.

Nimepakua nyama tumboni mwa Bibi Mnene miaka ishirini na miwili. Robo kwa robo, kwa bega hili hili. Sijaruka naye hata siku moja. Kila nilipoomba, nafasi yangu ilikuwa imechukuliwa na ng'ombe. Kiti hicho ni haki yangu. Nimemwambia Eusebia, mke wangu. Akasema sawa, ila nirekebishe kwanza bomba la jikoni.

Jumatano, 7 Februari

Mazoezi. Nimegonga mlima Huayna Potosí mara saba. Mlima ulikuwa pale pale ulipokuwa jana. Nilitegemea mabadiliko.

Don Wálter hajagonga kitu. Huyu ni karani mstaafu wa mahakama, kalamu nne mfukoni, hajawahi hata kunusa ndege ya nyama. Akitoka San Borja, hafuati njia za wanaume. Anazunguka juu ya nyanda, anazunguka, anazunguka, nusu saa nzima, mpaka afike juu kabisa. Ndipo anaelekea milimani, anavuka, anatua. Kuangalia kunachosha.

Leo amenijia kwa adabu zake za mahakamani. Akasema, don Teófilo, panda kwanza, ndipo uvuke, mlima haukimbii. Nikamwambia sisi tuliokulia uwanja wa ndege tunajua njia ya mkato. Unanyoosha moja kwa moja kwenye lile pengo kando ya mlima, unapanda huko huko ukienda. Unaokoa dakika thelathini na tano. Akauliza, nimeziokoa mara ngapi mpaka sasa? Nikamwambia: Mtu mzima hajibu kila swali.

Doña Zenobia ametaja alama. Muda una alama zake, na hali ya nyama ina alama zake. Nyama ikitikiswa sana, kompyuta inakata. Nani aliyewahi kuona nyama inalalamika?

Alhamisi, 8 Februari

Nimepata mpango. Lazima don Wálter ana siri. Haiwezekani mtu ashinde kwa kuzunguka tu. Ana karatasi anayoiandika kabla ya kuruka, anaikunja, anaitia mfukoni.

Nimemtuma Eusebia. Yeye anauza salteña, zile sambusa za kuoka, pale kona kila asubuhi, na hakuna mtu El Alto anayeshuku salteña. Ampelekee don Wálter mbili za bure, ampigie soga, atupie jicho ile karatasi. Eusebia akasema huo ni umbea. Nikamwambia ni upelelezi. Akauliza tofauti yake. Nikasema upelelezi hufanywa kwa ajili ya mume.

Amekubali. Bomba bado linavuja.

Jumamosi, 10 Februari

Ripoti ya mpelelezi. Ameiona karatasi. Don Wálter alimwonyesha mwenyewe, hata hakuombwa! Imeandikwa: PANDA KWANZA. Halafu chini yake: VUKA. Halafu orodha ya vitu vya sokoni.

Ni hila hiyo, nimemwambia Eusebia. Karatasi ya kweli ameificha. Aendelee.

Anaendelea sana. Don Wálter sasa anaagiza salteña kumi na mbili kila siku, na jana alimkalisha kwenye kiti cha ndege, akamwonyesha wenzo wa injini ya kushoto na wa injini ya kulia. Eusebia amevuka mlima. Mara ya kwanza. Anasema si kazi ngumu, unapanda kwanza. Nimemwambia ni bahati ya mgeni. Akacheka kwa namna ambayo siipendi.

Mimi leo nimegonga mara nne tu. Maendeleo.

Jumanne, 13 Februari

Siku ya ch'alla! Mtaa mzima unanuka bia. Kila mtu anamwagia chake: nyumba, lori, cherehani, jiko, ili Mama Dunia akikumbuke mwaka mzima. Eusebia ameimwagia tanuri yake bia na kuipamba karatasi za rangi. Fundi wa jirani amemwagia mpaka koleo. Baruti zinalia toka asubuhi.

Nimekaa nikifikiri. Na ghafla, kumbe! Ile pua ya ndege haijamwagiwa hata tone tangu marehemu afe. Chombo kinavuka milima kikiwa kikavu! Ndiyo maana nagonga. Si mimi. Ni ukame.

Funguo ninazo, maana wiki iliyopita nilijitolea kufagia ukumbi. Nikaenda mchana, wakati kila mtu yuko barabarani anacheza. Ukutani kuna kibao cha marehemu: VINYWAJI MARUFUKU. Nikakisoma mara mbili. Kwa kuwa sikuwa nanywa, bali namwaga, hakikunihusu.

Nikatawanya petali. Nikatupa karatasi za rangi. Nikamwaga pombe kali kidogo kwenye pembe nne, kisha bia. Tatizo: don Wálter naye ataruka kwa chombo hicho hicho. Sitaki baraka zangu zimfikie. Basi nikamtajia Mama Dunia jina langu lote, Teófilo Quisbert Larico, pamoja na namba ya kitambulisho. Mara tatu, pasiwe na utata.

Wenzo wa kushoto niliumwagia vizuri, nusu chupa. Wenzo wa kulia ulipata matone tu, kwa sababu katikati hapo niliona kiu. Nikafagia, nikafunga. Mikono yangu ilikuwa inanata, lakini roho nyeupe.

Jumatano, 14 Februari

Kichwa kinauma. Padri amenipaka majivu usoni na kunikumbusha kwamba mimi ni mavumbi na mavumbini nitarudi. Sikuyapenda maneno hayo siku tatu kabla ya kuruka.

Nimetoa koti langu la ngozi sandukuni. Halifungi tumboni. Nimeamua marubani huliacha wazi.

Jumamosi, 17 Februari

Naandika haya nikiwa nimetulia kabisa. Sijakasirika.

Nilipangwa wa kwanza. Wanachama wote sita wapo, Eusebia yupo na kikapu chake. Nikakaa. Nikatia majani ya koka shavuni kama marubani wa zamani. Nikawasha. Bibi Mnene akanguruma, nyasi za San Borja zikakimbia, tukapaa. Nikashika njia yangu ya mkato.

Nikavuta wenzo wa kulia nipunguze, ukarudi; nikavuta wa kushoto. Hautoki. Nikauvuta kwa mikono miwili. Umeganda! Injini ya kushoto inavuta kwa nguvu zote, ya kulia imepoa, na ndege ikaanza kuzunguka upande wa kulia. Ikazunguka. Ikazunguka tena. Nilipiga kelele, nikapiga usukani ngumi, nikaomba. Kila mzunguko tunapanda. Nyuma yangu nikasikia don Wálter ananong'ona, afadhali, leo ameelewa!

Dakika thelathini na nane nilizunguka juu ya nyanda kama mjinga. Tulipofika mita elfu sita na mia tatu ndipo akili ikanijia: nikausukuma na wa kulia mpaka mwisho, injini zikalingana, ndege ikanyooka. Ikavuka. Huayna Potosí ukapita chini yangu. CHINI YANGU! Theluji yote ile, chini. Eusebia alilia. Mimi nilikuwa na vumbi machoni.

Kisha ikabidi nitue, na wenzo bado umeganda. Uwanja wa El Alto ulinijia kwa kasi, ukanipita kwa kasi. Nilisimama baada ya uzio, baada ya barabara, ndani ya kitu ambacho doña Zenobia anadhani ni kiwanda cha matofali. Hali ya nyama: alama sita kwa mia. Mtu mmoja akasema hiyo sasa ni ya kusaga. Wote wakacheka. Sijasahau ni nani.

Doña Zenobia akafungua kisanduku cha wenzo. Ndani kunanata, kunanuka bia, na kipande cha karatasi ya waridi.  Alikuwa ameweka kiganja juu ya kile chuma. Kisha akauliza ni nani. Nikasema panya. Akauliza tangu lini panya wanafanya ch'alla. Nikasema nyakati zimebadilika. Eusebia akaninyooshea mkono taratibu, akanitolea petali kwenye mfuko wa suruali, mbele ya watu wote.

Niliona aibu, nakiri. Si kwa ajili ya bia. Kwa ajili ya ule mkono juu ya chuma. Nikamwambia doña Zenobia anisamehe, nitakisafisha kwa mikono yangu mpaka king'are. Akasema nisikiguse tena maishani.

Nilidhani shindano limeishia hapo. Wapi! Doña Zenobia akafuta macho, akasema mumewe aliwahi kusema ndege za nyama zote zilikuwa na ubovu, rubani ndiye aliyekuwa mzima. Wote watarusha na wenzo ulioganda. Wanne wakagonga. Don Wálter akapanda kwanza, akavuka, akaizima injini ya kushoto kwa swichi, akatua kwa ya kulia polepole kama mtu analaza mtoto. Alama tisini na saba.

Kwa hiyo kuna swichi.

Jumapili, 18 Februari

Mungu hamtupi mja wake! Habari mpya: don Wálter haendi. Yeye hapandi hata ngazi ya kubadilishia balbu, kizunguzungu kinamwangusha. Amerusha ndege miaka kumi akiwa kwenye kiti kwa sababu kiti kiko sakafuni. Amemwambia doña Zenobia atamkabidhi mtu mwingine tuzo yake, mtu aliyemsikiliza vizuri, mwenye moyo wa kujifunza.

Ni mimi, bila shaka. Kuzunguka kwangu kulimgusa. Nimelipiga pasi koti. Nimeanza kumpenda don Wálter.

Jumatatu, 19 Februari

Amempa Eusebia.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na huyu nimemfungia kikapu mwenyewe! Nimemuuliza anaendaje. Akasema kwa miguu mpaka uwanjani, halafu kwa ndege. Nimemwambia hicho kiti nimekiota miaka ishirini na miwili. Akakaa. Akaniambia na yeye miaka ishirini na miwili alisimama kwenye uzio wa uwanja na chakula changu kwenye sufuria, akiiangalia hiyo ndege ikitua, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama naye anaota kitu.

Sikujua. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema alikuwa anasubiri bomba litengenezwe kwanza.

Nimelitengeneza leo jioni. Linavuja upande mwingine.

Jumamosi, 24 Februari

Ameondoka alfajiri, amevaa koti langu la ngozi. Kwake linafunga.

Nimesimama kwenye uzio na sufuria. Upepo mkali. Saa tano na robo Bibi Mnene akatokea juu ya milima, mdogo, kisha mkubwa. Nilimngoja, na kila mtu aliyewahi kubeba nyama yupo pale, wazee wote. Alitua vizuri. Sikutoa machozi, ni upepo.

Eusebia ameshuka na uso mwekundu, nywele zimesimama. Alikula chakula chote. Halafu akaniambia: ndani ya mlango wa mizigo, chini kabisa, pamekwaruzwa jina kwa msumari. T. QUISBERT. Rubani alimuuliza ni nani huyo. Akamwambia ni mumewe, yeye ndiye aliyeibeba ndege hii begani kila siku ikiwa imejaa. Rubani akavua kofia.

Nimeomba airudie habari hiyo. Ameirudia mara tatu. Namba ya kitambulisho sikuikwaruza, lo, ningejua.

Jumapili, 25 Februari

Nimemhoji Eusebia vizuri, kitaalamu. Anasema wakitoka San Borja rubani alizunguka juu ya nyanda dakika arobaini, akipanda, ndipo akavuka. Miaka thelathini na moja ya kazi, anafanya hivyo kila siku!

Nimesikitika. Kumbe ndiyo maana nyama ilikuwa inachelewa.

Nimefikiri sana na kosa nimelipata. Si bia. Bia ilinivusha mlima, kila mtu aliona. Kosa ni kwamba wenzo wa kushoto ulipata nusu chupa na wa kulia matone, baraka zikaenda upande mmoja. Mama Dunia hapendi upendeleo. Mwakani chupa mbili, moja kwa kila wenzo, na sitaona kiu mpaka nimalize.

Doña Zenobia amebadilisha kufuli. Lakini pia amemwalika Eusebia kuwa mwanachama, amempa na kazi ya kufagia, na anayefagia hupewa ufunguo.

Eusebia ameniuliza kama nitamfundisha. Nimekubali, mimi si mtu wa kinyongo. Tunaanza kesho. Somo la kwanza: asipoteze muda kupanda.