Manyoya ya Audrey Jikoni Mwangu

Jumapili, 19 Novemba 2017

Audrey amekuja kanisani na manyoya!

Koti fupi, rangi ya maziwa, linaishia kiunoni. Suruali nyeusi ya kubana. Buti nyeusi zisizo na kisigino. Hereni ndogo. Basi! Hakuongeza kitu kingine. Kanisa zima likageuza shingo. Hata mzee wa kanisa aliyekuwa akisoma matangazo alisoma tangazo moja mara mbili.

Wivu? Mimi sina wivu. Nina macho tu.

Niandike mambo yajulikane. Kila mwaka ushirika wetu wa Wakenya hapa Birmingham huchapisha kalenda, na kwenye jalada huwekwa picha ya mama mmoja wa kanisa. Mwaka huu ni Audrey, ndani ya kitenge, akitabasamu kwa meno yote thelathini na mawili. Yuko jikoni mwangu tangu Januari, juu ya jiko. Mume wangu Bethuel ni dereva wa basi na huandika zamu zake humo, kwa hiyo hairuhusiwi kuondolewa. Miezi kumi na moja sasa Audrey ananitazama nikiunguza chapati.

Kibaya zaidi, mama yangu kule Kangundo naye anayo. Nilimpelekea mwenyewe, maana ni ya bure. Ameitundika sebuleni. Wageni wakimuuliza kama huyo ndiye Mumbua wa Ulaya, hujibu kwamba siye, lakini ni msichana mzuri sana. Mwakani Mama anatimiza miaka themanini. Amesema hataki blanketi wala redio, anataka kuniona mimi pale ukutani. Nimemwahidi.

Leo mke wa mchungaji ametangaza kwamba picha ya jalada la mwaka ujao itapigwa Jumapili, tarehe kumi Desemba, baada ya ibada. Atachaguliwa mama aliyejua kuvaa kwa ajili ya baridi. Alipokuwa akisema hivyo alikuwa akilitazama lile koti.

Tutaonana!

Jumanne, 21 Novemba

Leo sina zamu kule nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Nimepanda basi hadi Alum Rock kwa Abshiro, Msomali wa Garissa, rafiki yangu wa miaka tisa, mwenye duka la nguo. Nikamwambia nataka manyoya ya kumfanya Audrey aonekane kama kuku aliyenyonyolewa. Alicheka mpaka akashika kaunta.

Kisha akanipa kanuni zake. Manyoya ni kelele, na palipo na kelele moja, vingine vyote vinyamaze. Juu pakiwa panene, chini pawe pembamba. Koti refu halimpendi mtu mfupi. Nikamuuliza huyo mfupi ni nani. Akasema, "Walahi Mumbua, mimi sijataja jina la mtu."

Nikaondoka. Ushauri wa bure ndivyo ulivyo.

Nikashuka Stratford Road, nikaingia duka la chariti, lile la mitumba iliyotolewa msaada. Nikaliona! Koti la manyoya, kahawia, refu hadi kwenye vifundo vya miguu. Vidya, mama anayejitolea pale, akaniambia ni manyoya ya bandia na nisithubutu kulitia maji. Nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia hakugharimu kitu.

Nimelivaa nyumbani mbele ya kioo. Malkia! Bethuel akaingia kutoka kazini, akasimama wima, akanipigia saluti, akauliza geti linafungwa saa ngapi. Yaani nimefanana na soja ndani ya kabuti lake. Jioni amekula sukuma wiki tupu, bila nyama.

Jumatano, 22 Novemba

Nimelifua.

Vidya ni mtu mwema lakini hakulelewa kwa mitumba. Mimi nimelelewa. Nguo ya mtu haivaliwi kabla haijafuliwa, hujui mwenyewe alikufa na nini. Beseni, maji moto, sabuni ya unga vijiko vitano. Maji yametoka rangi ya chai! Nimelianika juu ya hita na kumwonyesha Bethuel yale maji.

Alhamisi, 23 Novemba

Limekauka. Limeshikamana mafundomafundo, na nikilipapasa linakwaruza.

Sijakata tamaa. Nimekaa kitako nikafikiri. Manyoya ya bandia ni nini? Si nywele za bandia tu? Na nywele za bandia nani anazijua kunishinda? Nusu ya wanawake wa kanisa nimewasuka mimi! Ukimaliza kumsuka mtu rasta, unachovya ncha kwenye maji yanayochemka. Zinalala, zinang'aa. Kila mwanamke wa kwetu anajua hilo. Vidya hawezi kujua.

Kesho.

Ijumaa, 24 Novemba

Nilianza na mkono wa kushoto, kwa majaribio. Manyoya yalijikunja, yakayeyuka, yakawa magumu kama kandambili. Nikafikiri labda maji hayakuwa yamechemka vya kutosha. Nikayachemsha zaidi. Nikachovya mkono wa kulia.

Mungu wangu!

Nyumba nzima inanuka plastiki. Bethuel amefungua madirisha yote, na nje ni baridi ya kutoa machozi. Akauliza nimeunguza nini. Nikamwambia samaki. Akasema hatukununua samaki wiki hii.

Jumapili, 26 Novemba

Mpango mpya. Kama langu haliwezi kupanda, la Audrey lishuke.

Nimeishi na Waingereza miaka kumi na minne. Hapa kuvaa manyoya ya mnyama wa kweli ni aibu tupu. Kule kazini kuna mjukuu aliyekataa hata kuigusa skafu ya ngozi ya mbweha ya bibi yake. Basi leo wakati wa chai na mandazi nimewavuta kando akina mama watatu. Nikawanong'oneza kwamba lile koti la Audrey si bandia. Ni wanyama kabisa, wamechunwa! Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Nikasubiri wachukizwe.

Wa kwanza alishika kifua. "Kumbe ni original!"

Wa pili akasema alijua tangu zamani, Sister Audrey si mtu wa kuvaa feki. Wa tatu alikuwa ameshaondoka kwenda kuligusa. Chai haijapoa, foleni imefika mlangoni. Mke wa mchungaji aliipapasa kola akasema Mungu humpa amtakaye. Audrey akakana, akaapa kwamba ni koti la kawaida alilonunua sokoni. Wakamsifu kwa unyenyekevu!

Nilisahau ninaishi na watu gani. Mwingereza humwonea huruma mnyama. Mkenya anaogopa feki.

Halafu mmoja akaniuliza, mbele za watu, kama langu la siku ya picha litakuwa original. Nikasema kila kitu kina wakati wake.

Jumamosi, 2 Desemba

Nimelala macho siku kadhaa nikifikiria ukuta wa Mama. Leo nimelitia koti kwenye mfuko mweusi wa takataka nikampelekea Abshiro. Akachungulia ndani. Akasema, "Inna lillahi." Akauliza kimekufa lini.

Lakini ana mikono yule mwanamke! Amekata mikono yote miwili iliyoungua. Amekata chini, likaishia kwenye nyonga. Amekunja pindo, akayachana yale manyoya taratibu kwa brashi, kidogo kidogo, huku akinitukana kwa Kisomali. Likawa kizibao. Akanivika sweta nyeusi ya shingo ndefu ndani, suruali nyeusi ya kubana, buti bapa, na juu ya kizibao mshipi mwembamba mweusi. Akanigeuza nijitazame kwenye kioo.

Nina kiuno! Sikuwa nimekiona tangu niolewe. Nilikuwa mzuri. Naandika kwa sababu hakuna mwingine atakayeandika.

Abshiro akanishika mabega, akaniapisha nisiongeze kitu chochote, hata pini. Akasema, "Not even one thing, Mumbua, umenisikia?" Nikaapa.

Jumamosi, 9 Desemba

Kesho ndiyo siku.

Nimejaribu vazi lote tena. Ni zuri, ila limenyamaza mno. Audrey naye atakuwa amenyamaza. Watu wawili wakinyamaza, atasikika nani? Nikaongeza skafu ya chuichui. Skafu si kitu, ni kitambaa tu. Skafu ikataka mshipi wa dhahabu. Mshipi ukataka kofia ya manyoya. Kofia ikataka viatu vyekundu vya kisigino, vile vya wazi vidoleni nilivyovalia harusi ya shemeji.

Bethuel ameniambia redio inasema kesho kutakuwa na theluji nyingi. Nikamwambia redio ilishasema mengi.

Jumapili, 10 Desemba

Naandika nikiwa kitandani, mguu juu ya mito miwili.

Theluji! Imefika magotini. Mabasi yote yamelala na Bethuel akalala nayo. Nikatoka peke yangu kwa miguu. Kutoka kwetu Sparkhill hadi ukumbi wa kanisa kule Sparkbrook ni nusu saa siku ya kawaida. Nilifika mbele ya duka la vitambaa la Sukhdev, ambalo lilikuwa limefungwa. Kiatu kimoja kikaenda kushoto. Mimi nikaenda kulia. Kofia ikabingirika hadi katikati ya Stratford Road. Kifundo cha mguu kikalia kwa sauti niliyoisikia.

Hakukuwa na mtu. Nililala pale nikalia. Naandika ukweli, sikulilia mguu. Nilimlilia Mama na ukuta wake.

Halafu nikasikia mtu akiniita. "Dada Mumbua? Ni wewe?"

Nani mwingine!

Alikuwa akitoka zamu ya usiku hospitalini, akienda kanisani kwa miguu, sare ya unesi ndani na lile koti juu. Hakuuliza mengi. Alilivua akanifunika nalo hadi kidevuni. Akapiga magoti kwenye theluji na sare yake nyepesi, akaushika mguu wangu, akaufunga kwa skafu yangu ya chuichui. (Na Abshiro aliniapisha nisiongeze kitu!) Akaniambia pole. Akaniambia alipokuwa mbali aliniona nikija akajiuliza huyo mama maridadi ni nani.

Lile koti lina joto jamani. Lilinuka sabuni na hospitali. Nikataka kumwambia yote, ule uvumi, miezi kumi na moja ya chapati, kila kitu. Nilifungua mdomo kabisa.

Ndipo nikaiona lebo, hapa puani. Akriliki, mia kwa mia.

Feki!

Maumivu yalipungua papo hapo. Nilicheka mpaka Audrey akaniuliza kama nimegonga kichwa. Wakati huohuo akatokea Derrick, mpiga picha wa kanisa, akielekea ukumbini na kamera yake shingoni. Unafikiri alikuja kunisaidia? Alipiga picha kwanza. Ndipo wakanishika huku na huku hadi nyumbani. Audrey alirudi kwake na blanketi la Bethuel, koti likabaki limenifunika.

Jumapili, 24 Desemba

Kalenda imetoka. Bethuel ameileta kutoka kanisani, na kabla hajavua koti ameshaitundika juu ya jiko.

Jalada: Audrey amepiga magoti kwenye theluji, na sare yake ya unesi, vipande vyeupe vimemkaa kwenye nywele. Chini yake wameandika: Upendo Wakati wa Baridi. Mwanamke ameshinda kwa koti hali hana koti! Hata kutolivaa anajua kulivaa!

Nami nimo. Pembeni, chini kabisa, kuna pindo la manyoya, na kwenye pindo umetokeza mguu. Peku. Wangu.

Jioni Mama amepiga simu. Kaka yangu alikuwa amemwonyesha picha kwenye simu yake. Akamsifu yule msichana tena, kwanza. Kisha akauliza aliyeanguka ni nani. Nikamwambia ni mzungu mmoja, mlevi.

Mama akaguna. Akasema, "Mumbua, hicho kidole gumba kilichopinda ni cha marehemu baba yako. Mimi nilikizaa, nitashindwa kukijua?"

Akacheka hadi akakohoa. Akasema ataitundika, na mgeni akiuliza, atamwonyesha mguu wa binti yake. Akaniagiza nimshukuru Audrey kama mtu aliyelelewa vizuri.

Jumatano, 27 Desemba

Jana, baada ya chakula cha Krismasi cha kanisa, nilitoboa siri. Niliwaambia wale akina mama watatu kwamba nimeiona lebo kwa macho yangu, akriliki, feki tupu. Wakashangaa sana. Kisha wakamkimbilia Audrey kumuuliza amelinunua kibanda gani. Leo wote watatu wanayo. Wamenitumia picha.

Lakini Mama ameagiza, na mimi si mtu asiye na shukrani. Audrey hajaliulizia koti lake, na mkesha wa mwaka mpya u karibu. Lazima nimrudishie. Na nguo ya kuazima hairudishwi chafu, hilo nalo Mama alitufundisha. Lina tope la Stratford Road kwenye pindo, na manyoya ya kola yamelala upande mmoja.

Nimefikiri sana kuhusu lile la kwanza. Nimegundua nilipokosea. Nilianza na mikono.

Safari hii nitaanza na kola. Beseni liko tayari, sabuni vijiko vitano, na sufuria iko motoni. Audrey yuko pale juu ya jiko, amepiga magoti, ananitazama kwa upole. Maji yameshaanza kuchemka.