Mwizi wa Tangi la Pamoja

Jumatatu, 9 Machi
Tangi la uani limekauka tena! Lilijazwa jana, nyumba sita tunalitegemea, na leo bomba linakohoa tu. Mama Watoto hajaniangalia usoni tangu asubuhi. Ana saluni barazani, na Jumamosi anamwosha nywele bibi harusi pamoja na wapambe wanne. Kaniambia wazi: Jumamosi ikifika maji hakuna, anahamishia saluni kwa dada yake, na yeye mwenyewe anaifuata huko huko. Miaka kumi na moja ya ndoa! Kisha akanikumbusha, mara ya ishirini, kwamba choo chetu kinavuja ndani kwa ndani. Hapa kuna mwizi wa maji, yeye ananiletea habari za choo.

Jumanne, 10 Machi
Maji ya mgao yamekuja, tangi limejaa. Mwalimu Mstaafu, mwenyekiti wetu wa maji, kapima kwa ule ufito wake wenye alama, akatukusanya. Tufunge bomba tukisugua meno. Tuogee ndoo. Kisha akamsifu Mshonaji, jirani yangu wa ukuta mmoja, kwa kukinga mvua kwenye mapipa na kupigia deki maji ya kufulia. Watu wakapiga makofi. Kwa kupiga deki! Nikasimama, nikajitolea kumsaka mwizi. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu akasema sawa, mradi nisimsumbue mtu.

Jumatano, 11 Machi
Niko likizo, kwa hiyo nimeshinda uani, nimejibanza nyuma ya mashuka ya Mshonaji. Jua kali. Hakuna aliyesogelea tangi, na bado ufito umeonyesha maji yameshuka alama tatu. Huyu mwizi ni stadi!

Saa tisa Mshonaji akaanua mashuka, akanikuta juu ya kigoda na biskuti zangu. Akauliza kama naumwa. Nami nikamuuliza maji ya mapipa yake yametoka wapi, kwani mvua imenyesha lini? Akajibu ilinyesha wiki iliyopita, na nguo zangu alizianua yeye nikiwa nimelala. Ni kweli nilizikuta kavu. Lakini huo si ushahidi.

Alhamisi, 12 Machi
Akili yangu haijambo kabisa. Nimenunua bluu ya kufulia, pakiti saba, nikazimimina zote kwenye tangi. Maji yakionekana ya bluu kwenye mapipa ya Mshonaji, kwisha habari yake!

Sikufikiria kwamba nyumba zote zinakunywa tangi hilo hilo.

Saa nne kelele uani. Shati jeupe la kanisani la Mwalimu limekuwa la bluu. Chai yake pia. Mama Watoto kafungua bomba, kaangalia, kafunga. Heri angenitukana.

Ijumaa, 13 Machi
Mwalimu kaamua kukagua nyumba hadi nyumba. Mapipa ya Mshonaji: maji meupe, unaona hadi chini. Vyoo vya wenzetu: shwari. Kwetu, bila mtu kugusa kitu, michirizi ya bluu inateremka ndani ya choo, mfululizo, mchana kweupe. Nyumba sita zimejaa mlangoni kwangu zinatazama choo changu. Aibu gani hii!

Fundi bomba kabadilisha mpira mmoja mdogo. Dakika nane. Mama Watoto alikuwa chumbani anafunga mashine za kukaushia nywele kwenye masanduku. Nilitaka kumwambia asiende. Badala yake nikamuuliza soksi zangu ziko wapi.

Jumamosi, 14 Machi
Tangi bado la bluu, halifai nywele za mtu. Mshonaji kabisha hodi asubuhi, akasema mapipa yake mawili ya mvua yapo, bibi harusi aletwe. Mama Watoto akamkumbatia akalia. Wateja wote watano wameondoka wanameremeta, na hakuna tone lililomwagwa: maji ya kusuuza yamekwenda kwenye mchicha.

Mke wangu habanduki, nashukuru. Saluni ndiyo imehama, kwenye baraza la Mshonaji. Anasema huko maji yana mwenyewe.

Jumapili, 15 Machi
Wamenichukulia vibaya. Nani kagundua kuvuja kule? Bluu ya nani? Nagombea uenyekiti! Tangi limeoshwa bluu, sasa ni tupu; mgao unatarajiwa leo, nimeacha bomba la jikoni wazi ili maji yakija niyasikie, nami nafanya mazoezi ya hotuba chumbani, kwa sauti ya juu. Inapendeza. Nimeirudia mara sita.

Ajabu, kandambili zangu zinaelea. Maji yanaingia kwa chini ya mlango, tele!

Mshonaji huyo. Kaanza tena.