Mkutano wa Kabla ya Alasiri

Jumanne, 6 Mei
Mkutano wa mtaa haukwepeki tena. Miezi mitatu imeisha tangu ule uliopita, na mwenyekiti wa mtaa ndiye mimi. Nisome taarifa, nijibu maswali. Kusoma naweza. Shida ni maswali. Na swali ni moja tu, kila mtu analo: kivuko. Mbao za kuvukia mto kwenda zahanati zimeoza, mbili zimechukuliwa na masika. Kwenye kampeni niliahidi kivuko cha chuma. Tena kwa kipaza sauti.

Nimeandika barua tatu halmashauri. Wamejibu moja: bajeti imebana, tuvute subira. Basi. Watu wanadhani jibu jingine nimelificha mfukoni. Sina.

Jumatano, 7 Mei
Mazoezi mbele ya kioo. Ufinyu wa bajeti. Suala liko kwenye mchakato. Linafanyiwa kazi. Najat, mke wangu, akauliza kutoka jikoni naongea na nani. Nikasema na wananchi. Akasema wananchi hao wapole mno.

Alhamisi, 8 Mei
Nimepata dawa! Nimeipatia msikitini, Mungu anisamehe. Alasiri inaadhiniwa saa kumi kasorobo. Mkutano tuuite saa nane, na kwa mtaa huu saa nane maana yake saa tisa kasoro. Dua, utambulisho, muhtasari wa mkutano uliopita, taarifa ya ulinzi shirikishi, taarifa ya taka. Nikifungua tu maswali, adhana hiyo. Nani atabishana na adhana? Nitafunga mkutano kwa heshima zote.

Edgar, mtendaji wetu, kijana msomi anayeandika kila kitu, akauliza mbona saa nane na jua lote hili. Nikamwambia tunajali muda wa wananchi. Akaliandika na hilo.

Jumamosi, 10 Mei
Mpango ulikwenda vizuri mwanzoni. Mjumbe wa taka nilimwomba arefushe, akarefusha hadi watu wakasinzia. Nikafungua maswali. Adhana. Nikasimama, nikasema ndugu zangu, ibada kwanza, tunafunga.

Edgar akaninong'oneza kwamba hatufungi, tunapumzika tu, na wakati huohuo yeye atapokea maswali ya waliobaki. Waliobaki? Nikageuka. Nusu ya viti havikutikisika. Watu wa kanisani wote wametulia, wengine wanakunywa maji. Hesabu zangu nilizipiga kwa watu wa msikitini peke yao. Miaka ishirini naishi na majirani hawa, kila Krismasi nakula pilau yao, na nimewasahau.

Nilikwenda kuswali. Nilichosoma sikikumbuki. Tulipotoa salamu, Ustaadh Farhan, imamu wetu, akashika kipaza sauti. Akasema mwenyekiti ameuacha mkutano kwa ajili ya swala, ni mfano wa kuigwa, kwa hiyo sote tumsindikize arudi. Msikiti mzima ukanisindikiza. Hadi watu wa mitaa ya jirani, ambao kivuko chetu hawajawahi kukiona.

Walikosa pa kukaa. Akasimama Jovina, fundi cherehani, mjamzito wa miezi minane. Hakupandisha sauti.

"Mwenyekiti, shikamoo. Mie kliniki napita pale kwenye mbao, wiki jana nimeteleza nikashika majani. Wewe unapitaga wapi?"

Nilifungua mdomo niseme ufinyu wa bajeti. Likatoka jingine: mimi napanda bodaboda, nazunguka kwenye lami. Nilitamani wanizomee, hawakunizomea. Nikaendelea. Barua tatu, jibu moja, fedha haipo, na mimi sina kingine. Niliona aibu mbele ya yule mama. Lakini kifua kilikuwa chepesi, sijui kwa nini.

Salumu, fundi wa mageti, akasema kumbe hakuna kinachokuja. Angejua mapema asingesubiri. Mabomba chakavu anayo. Mwingine akasema mbao anazo. Wakapanga kesho, baada ya ibada ya kanisani. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Jumapili, 11 Mei
Nilibeba mbao pamoja nao. Kabla ya magharibi kivuko kilikuwa kimesimama, kina hadi mabomba ya kushikilia pembeni. Si kile nilichoahidi, lakini kinapitika. Jovina alipita wa kwanza, polepole, mkono kwenye bomba. Alipofika ng'ambo akatupungia.

Mimi nilishindwa kupunga. Nimekaa madarakani miezi sita nikiwaficha kwamba sina kitu. Wangejua, wangemaliza kazi hii kwa siku moja, na yule mama asingeteleza. Hili sitalisahau.

Jumanne, 13 Mei
Edgar ameniletea orodha ya maswali yaliyobaki. Taa za barabarani. Maji. Gari la taka. Nimepiga simu halmashauri. Bajeti imebana.

Ningeweza kuwaambia leo. Lakini watu wamefurahi na kivuko, kwa nini niwaharibie? Mkutano ujao ni Agosti, na safari hii nimepiga hesabu za wote. Ijumaa, saa tano na nusu. Watu wa kanisani watakuwa makazini. Watu wa msikitini watakuwa wanawahi swala ya Ijumaa. Maswali hayatachukua hata robo saa.

Nimemwarifu Ustaadh Farhan mapema. Amefurahi sana kwamba tena naitanguliza swala. Amenikumbusha kwamba Ijumaa msikiti unajaa hadi barabarani. Nikamwambia Ustaadh, hilo ndilo ninalolitaka.