London Iko Mteremkoni

Wananchi wote wa Kebirigo mnakumbushwa kwamba, tangu Januari 1967, umbali kati ya uwanja wa ndege wa Embakasi na ule wa London umepimwa, umepigiwa kura na umepita. Hakuna aliyepinga. Yaani alikuwepo mmoja, lakini alikuwa msichana na hakuhesabiwa.

Mimi Ratemo, Katibu wa Kamati ya Umbali wa Angani, ndiye niliyeandika kumbukumbu. Kamati iliundwa kwa sababu watu wawili wa lokesheni yetu walikuwa na tiketi za ndege moja, ya Jumanne: Chifu Machogu, aliyealikwa kwenda kuwaona Waingereza wakinywa chai yetu, na Nyanchera, binti wa Mama Orpah, aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi. Shule yake ilikuwa inafunguliwa Jumatano. Asiyefika siku hiyo, nafasi yake anapewa mwingine.

Tiketi zilisema: kuondoka 10:00, kufika 16:00.

“Tunaondoka saa kumi jioni,” Chifu akatamka. Tukapiga makofi.

Hiyo kumi na sita ilitusumbua kidogo, maana saa ya Chifu inaishia kumi na mbili. Tukaazimia kwamba Waingereza wana saa za ziada, na ndiyo sababu wameendelea. Kisha tukatoa: kwenda, saa sita. Tiketi ya kurudi ilisema 10:00 mpaka 22:00. Tukatoa tena: saa kumi na mbili! Njia ni ileile, ndege ni ileile.

Mzee Omwenga, mjumbe wetu wa barabara, alilitatua bila hata kuinuka kitini. “Ni kama Kisumu tu. Kwenda unateremka, kurudi unapanda.”

Ikapita kwa kauli moja.

Nyanchera akanyoosha mkono. “Mzee Chifu, kumi ya tiketi ni saa nne asubuhi. Na saa ya London iko nyuma yetu masaa tatu.”

“Yaya! Hapana! Nyuma? Na hao ndio walituletea saa?” Chifu akamaka.

Tulicheka mpaka Omwenga akapaliwa. Chifu akaamuru Nyanchera asafiri naye kwa Land Rover ya Serikali, Jumanne alfajiri, asije akapotea njiani.

Jumatatu asubuhi Nyanchera akapanda basi la Nairobi bila kibali. Niliagizwa kuandika shtaka: kuharakisha wakati wa Serikali.

Jumanne nilimsindikiza Chifu kwa Land Rover; Embakasi tuliingia saa nane mchana, tukajipongeza kwa kuwahi. Karani mmoja, Bwana Owino, aliitazama tiketi ya Chifu, akamtazama Chifu, akairudia tiketi.

“Mzee, hii ilienda saa nne asubuhi. Saa hii iko juu ya Misri.”

“Na msichana wetu?”

“Huyo ako ndani ya hiyo ndege. Aliwaombea mngojewe kidogo, rubani akakataa. Basi akawaachia barua.”

Niliisoma kwa sauti, kama kanuni zinavyotaka:

“Mzee Chifu, pole sana. Usihangaike kutafuta ndege nyingine. Kwa kuwa Kamati ilipitisha kwamba London ni mteremko, teremka tu polepole kwa miguu. Chai utaikuta.”

Niliinamia daftari langu nisionekane nikicheka. Nilikuwa na furaha, sitaficha.

Chifu alisimama mlangoni akiutazama uwanja wa Embakasi, tambarare kama meza. Kisha akanisogelea.

“Katibu,” akaninong’oneza, “huo mteremko unaanzia wapi?”